Ziwa Huanzia Mlimani

Mvua kubwa inaponyesha, nenda ukautazame mto ulio karibu na kijiji chako. Maji yake yana rangi gani? Kama ni mekundu au ya kahawia, ujue kwamba hayo si maji matupu. Yamebeba udongo, na udongo huo umetoka katika shamba la mtu. Sasa unakwenda wapi? Unafuata maji mpaka yanapoishia.

Katika somo hili tutasoma habari za Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Tutaona jinsi wakulima wa mlimani na watu wa ziwani walivyotambua kwamba wanategemeana.

Ziwa lenyewe

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa. Maji yake ni matamu, hayana chumvi. Jambo hili huwashangaza watu, kwa sababu hakuna mto unaotoka katika ziwa hilo. Maziwa ya jirani, Nakuru na Elmenteita, yana maji ya chumvi. Naivasha ni tofauti. Sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, na chumvi huondoka pamoja nayo.

Maji mengi ya ziwa huletwa na Mto Malewa. Mto huo hutoka katika milima ya Nyandarua. Mito midogo ya Turasha na Wanjohi huingia ndani yake. Huko juu, Kinangop na Wanjohi, watu hulima viazi, kabichi na njegere, na hufuga ng'ombe wa maziwa.

Huku chini, karibu na ziwa, wako wavuvi. Wako wafugaji wanaonywesha mifugo. Yako mashamba makubwa ya maua yanayouzwa Ulaya, na maelfu ya wafanyakazi hupata riziki yao huko. Viboko na ndege wa aina nyingi pia huishi hapo. Mwaka 1995 ziwa hili liliwekwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima.

Shida ilitoka wapi?

Watu waliongezeka, milimani na ziwani. Huko mlimani miti ilikatwa. Watu walilima mpaka ukingoni mwa mto, na wengine walilima kwa kufuata mteremko. Mvua iliponyesha, maji hayakupata kitu cha kuyazuia. Yalikimbia na udongo, na mbolea ikaenda pamoja nao.

Mkulima alipata hasara ya kwanza. Udongo wa juu ndio wenye rutuba. Ukiondoka, mavuno hupungua, hata kama mkulima ni hodari.

Hasara ya pili ilikuwa ziwani. Tope lilijaa na maji yakachafuka. Mbolea ile iliyokusudiwa kulisha viazi ikalisha magugu maji. Zamani mafunjo mengi yaliota pembeni mwa ziwa. Mafunjo ni kama chujio: huzuia tope lisiingie ndani. Lakini sehemu kubwa ya mafunjo iliharibiwa.

Huku chini nako kulikuwa na makosa. Maji mengi yalivutwa kwa pampu kumwagilia mashamba. Maji machafu ya mjini na ya mashambani yaliingia ziwani. Wavuvi wengine walitumia nyavu zenye matundu madogo, wakavua hata samaki wachanga. Mwaka 2001 samaki walipungua sana, na serikali ikasimamisha uvuvi ili wapate kuzaana.

Mwaka 2009 ukame ulikuwa mkali. Ziwa lilipungua, na ukingo wa maji ukarudi nyuma sana. Mapema mwaka 2010 mvua ilirudi, na samaki wengi wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hewa ndani ya maji ilikuwa imepungua. Samaki naye huhitaji hewa, ingawa anaishi majini.

Nani alipe?

Watu wa ziwani waliweza kusema, "Enyi wa mlimani, mnatuharibia maji. Acheni kulima kando ya mto." Lakini mkulima mwenye shamba dogo angejibu, "Nikiacha ukingo wa mto bila kulima, watoto wangu watakula nini? Ninyi ndio mnaofaidi maji. Mimi nitafaidi nini?"

Swali hilo ni la haki. Haifai kumwambia mtu atunze mali ya wote huku yeye peke yake akipata hasara.

Sheria ya maji ya Kenya ya mwaka 2002 iliwawezesha wananchi kuunda vyama vya watumiaji maji. Kila chama kilishughulikia sehemu yake ya mto au ziwa. Hivyo watu wa juu na watu wa chini walipata mahali pa kukutana na kuzungumza.

Kisha ukaanzishwa mpango wa majaribio, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE. Wakulima wa Turasha ya juu na Wanjohi walikubali kutunza udongo. Watumiaji maji wa ziwani, kupitia chama chao, walikubali kuwalipa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010. Wakulima hawakupewa fedha mkononi. Walipewa hati za kununulia mbegu, mbolea na vifaa vya kilimo. Malipo hayakuwa makubwa, lakini yalionyesha kwamba kazi ya mkulima wa mlimani inathaminiwa.

Wakulima walifanya nini?

1. Walipanda mistari ya majani kukata mteremko. Majani hayo hupunguza mbio za maji na kushika udongo.

2. Walitengeneza matuta.

3. Waliacha ukingo wa mto bila kulima, uote majani na miti.

4. Walipanda miti ya matunda na miti mingine.

Tazama faida yake. Majani ya nepia, ambayo wengine huyaita mabingobingo, ni chakula cha ng'ombe. Mkulima aliyeyapanda alizuia udongo, na papo hapo akapata malisho karibu na nyumba. Ng'ombe akishiba, maziwa huongezeka. Kwa hiyo hata malipo yakikoma, mkulima anayo sababu ya kuyatunza majani yake.

Kazi haijaisha

Baada ya mwaka 2010 mvua ziliongezeka na ziwa likapanda. Mwaka 2020 maji yaliingia katika mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, na watu wakahama nyumba zao. Ziwa hili hupanda na kushuka tangu zamani. Miti haiwezi kuzuia mvua isinyeshe. Lakini tunajifunza kwamba ukingo wa ziwa ni wa ziwa. Likishuka leo, tusidhani limetuachia kiwanja cha kujenga.

Nasi je?

Pengine kijiji chako kiko mbali na ziwa. Hata hivyo, mvua inayonyesha shambani mwako huenda mahali fulani, na yuko mtu anayekunywa maji hayo. Vivyo hivyo, yuko mtu juu yako ambaye maji yake utayanywa wewe.

Anza na kijito kilicho karibu. Usilime ukingoni mwake. Kama unaona mfereji mdogo umeanza kuchimbika shambani, uzuie mapema kwa mawe na majani. Usiungoje uwe korongo. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini maji ya Ziwa Naivasha hayana chumvi?

2. Mkulima wa mlimani alipata hasara gani udongo ulipochukuliwa na maji?

3. Je, ni haki watu wa ziwani kuwalipa wakulima wa mlimani? Toeni sababu zenu.

4. Maji ya kijiji chetu yanatoka wapi, na yanakwenda kwa nani?

5. Tufanye nini pamoja kabla ya mvua zijazo?