Mkuu wa Kikosi Asiposikia



Bura, katika Fafi, kaunti ya Garissa, si mgeni wa magwanda ya jeshi. Eneo hilo limepakana na Somalia, na mzazi wa huko anayemtoa mwanawe kuwa askari humwombea asalimike na risasi na mabomu. Ni nadra kumwombea asalimike na wakubwa wake.

Tuseme binti anapiga simu usiku, akinong'ona. Mkubwa wake humtolea maneno machafu na kumtaka asilolitaka. Amemweleza mkuu wa kikosi, naye akaambiwa avumilie. Mama amjibu nini?

Wengi tungesema, "Subiri, mwanangu, jeshi ndivyo lilivyo." Lakini subira si kuiridhia dhuluma. Bibi Khawla binti Tha'laba, radhi za Allah ziwe juu yake, alipodhulumiwa na mumewe hakunyamaza. Alipeleka shauri lake kwa Mtume (s.a.w.), akalishikilia, na Surat al-Mujadila ikateremka kwa sababu yake.

Madhara ya kunyamazisha yanajulikana. Vanessa Guillén, askari wa Marekani mwenye umri wa miaka 20, aliuawa mwaka 2020 katika kambi ya Fort Hood, Texas. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotolewa mwaka 2021, ulithibitisha kuwa kabla ya hapo alikuwa amebughudhiwa na mkubwa wake, na kwamba viongozi walioarifiwa hawakuchukua hatua.

Kwetu Kenya, sheria humbana askari kuliko raia. Sheria ya Ajira ya 2007 haiwahusu wanajeshi, na kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu baadhi ya haki zao zipunguzwe. Hata hivyo, heshima ya utu, iliyo katika kifungu cha 28, haimo katika orodha ya haki hizo. Tena, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayeshikilia kumtaka mtu kimapenzi hali akijua hatakiwi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Basi binti na aandike kila tukio: tarehe, mahali, maneno na mashahidi, bila kutoa siri za kikosi. Malalamiko yapande kwa mkubwa aliye juu ya yule aliyeyapuuza; juu kabisa lipo Baraza la Ulinzi. Yakikwama, ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na Tume ya Haki ya Utawala. Hizi haziko chini ya kamanda yeyote. Mahakama Kuu nayo ipo Garissa. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kufungua shauri la haki za msingi kwa niaba ya asiyeweza kulifungua mwenyewe, wala hatozwi ada ya kulifungua.

Wala dawa si kumrudisha nyumbani. Mwaka 2024, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza kuliongoza Jeshi la Anga la Kenya. Mabinti zetu wana nafasi yao jeshini.

Mama, simu hiyo ikilia, mwamini kwanza. Kisha mwambie achukue kalamu.