Fomu Inasema Kwahani

Kipande cha nyama kutoka kwenye kibofu cha mkojo, pengine kidogo kuliko punje ya mpunga, huhifadhiwa kwenye fomalini, kikazamishwa ndani ya nta, kikakatwa utando mwembamba kuliko unywele na kutiwa rangi za zambarau na waridi. Hapo sisi wanapatholojia huinamia hadubini. Fomu inasema mwanamume, miaka 60, mtaa Kwahani. Kwahani iko Ng'ambo, mjini Zanzibar, na huko hakuna mto. Lakini ndani ya nyama mmelala mayai yaliyogeuka chokaa, kila moja na mwiba wake mkiani. Ni kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa kwenye maji baridi ya mito na mabonde. Mzee huyu ameishi mjini, ila utotoni aliwahi kuoga kwenye mto au bonde la shamba, kama vile Mwera au Kinyasini.

Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama ukutani, na mwili hupambana nayo miaka nenda miaka rudi. Seli za utando wa ndani, kwa kuchokozwa hivyo bila kupumzika, huwa bapa kama za ngozi. Saratani inayozuka humo si ile ya kawaida ya Ulaya, ambayo sigara ndiyo chanzo chake kikubwa.

Aliyeufuatilia uhusiano huu kwa makini ni A. R. Ferguson, profesa wa patholojia mjini Cairo. Mwaka 1911 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja rasmi mnyoo huyo kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994. Miaka 83! Mtafiti wa fani hii hutunza vioo vyake vya hadubini akijua huenda atakayevimaliza kuvisoma hajazaliwa.

Unguja, vidonge vya prazikwanteli vimepunguza kichocho sana mashuleni. Nafurahi mno. Ila dawa huua minyoo, haifuti kovu la miaka 40. Kwa hiyo, mzee wangu, ukikojoa damu, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda hospitali. Na daktari akikuuliza unakaa wapi, mtajie pia ulikooga ukiwa mdogo. Mstari huo haumo kwenye fomu yetu, nami nautaka uandikwe juu kabisa, kabla ya mtaa.