Herufi Nazo Zina Wenyewe

Katika zama za herufi za risasi, mwenye matbaa aliyeagiza herufi alizipokea sandukuni, akazilipia, na tangu siku hiyo zikawa mali yake. Akichapishia gazeti, kitabu cha skuli au kadi za harusi, yule aliyezisubu hakuwa na la kumuuliza. Na zilipochakaa, mwenyewe aliziyeyusha. Risasi imekwisha kuondoka katika matbaa nyingi, lakini fikra ile ya kwamba herufi ukishainunua ni yako imebaki vichwani mwetu. Katika kazi ya kutengeneza michezo na programu za simu, ambayo vijana wetu wengi wanaikimbilia sasa, fikra hiyo yaweza kumponza mtu mwenye nia safi kabisa.

Tuchukue mfano. Kijana wa Michenzani anatengeneza mchezo wa bao wa kuchezwa katika simu. Amechora mashimo yote 32, ameziweka kete 64, ameandika maelezo kwa Kiswahili fasaha, na kwa maandishi hayo amechagua aina ya herufi iliyompendeza, ile ambayo mafundi wa kompyuta huiita fonti. Hakuiiba. Aliilipia kwa fedha yake ili aiweke katika kompyuta yake. Akaitia ndani ya mchezo, akaupeleka mchezo katika duka la programu, na watu wakaanza kuuchukua. Je, amekosa?

Aghalabu jibu ni kwamba amekosa, wala mwenyewe hana habari. Kwani alichokinunua si herufi, bali ni ruhusa, yaani leseni. Na ruhusa ile kwa kawaida inamruhusu kuiweka fonti katika kompyuta moja au chache, aandike barua, achape mabango na vitabu. Kuitia fonti ndani ya programu itakayosambazwa kwa watu ni ruhusa nyingine, yenye bei nyingine. Hali kadhalika kuitumia katika kurasa za intaneti. Wauzaji wengine huhesabu idadi ya programu, wengine idadi ya simu zilizouchukua mchezo, wengine watumiaji wa kila mwezi. Na wako wanaotaka ruhusa ilipiwe upya kila mwaka.

Msomaji asifanye haraka kuwaita wauzaji hao wachoyo. Kitabu kilichochapwa humpa msomaji maumbo ya herufi juu ya karatasi, basi. Lakini mchezo wa simu hubeba faili lenyewe la fonti, zima, hadi katika kila simu. Kifurushi cha programu ya Android ni kama mkoba uliofungwa kwa kamba tu: mwenye ujuzi mdogo huufungua na kulichukua faili lililomo. Kwa yule aliyechora herufi, kila mchezo ni mlango ambao bidhaa yake yaweza kutokea. Naye ameifanyia kazi: amepima unene wa kila mkunjo, nafasi baina ya A na V, mahali pa kila nukta, kazi ya miezi na mara nyingine miaka.

Kuhusu sheria, nchi hazikubaliani. Nchini Marekani, mahakama ilishikilia mwaka 1978 kwamba umbo la herufi peke yake halina hakimiliki. Lakini faili la fonti hulindwa kama programu ya kompyuta, na faili ndilo linaloingia ndani ya mchezo. Uingereza inazigusa herufi katika sheria yake ya mwaka 1988. Visiwani tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Lakini hata bila ya kuifungua sheria yoyote, leseni ni mkataba, na aliyebonyeza kukubali amekubali. Tena mwenye fonti hana haja ya kuja mahakamani kushitaki. Huandika lalamiko kwa mwenye duka la programu, na mchezo waweza kuondolewa pale.

Isidhaniwe kuwa makosa haya ni ya vijana na wachanga tu. Ufaransa iliunda mamlaka iitwayo HADOPI, kazi yake ikiwa kupambana na wanaochukua muziki na filamu katika intaneti bila ya idhini. Januari 2010 mamlaka hiyo ikaonyesha alama yake mpya mbele ya umma. Wajuzi wa herufi walipoitazama wakaitambua mara moja: ilikuwa imeandikwa kwa fonti iitwayo Bienvenue, iliyochorwa na Jean-François Porchez kwa ajili ya shirika la simu la France Télécom peke yake. Mlinzi wa hakimiliki ameingia mjini amevaa kanzu ya mtu! Alama ikabidi ibadilishwe. Wakubwa wa mamlaka ile hawakuichora wao; walimwachia mkandarasi, na mkandarasi hakuulizwa.

Hapo ndipo penye neno kwa maofisa wetu. Ofisi inapoagiza programu ya simu, tuseme ya kuwapa wavuvi habari za upepo au ya kuwasomesha watoto kusoma, mkataba hueleza bei, muda na nani atakayeitunza. Herufi hazitajwi. Na kumbe leseni ya fonti huandikwa kwa jina la aliyeinunua, na mara nyingi haihamishiki. Mkandarasi akimaliza kazi na kuikabidhi, programu inakuwa ya Serikali, ilhali ruhusa ya herufi zake imebaki mfukoni mwa mkandarasi. Mstari mmoja katika mkataba ungetosha: fonti gani zimetumika, na leseni zake ziko kwa jina la nani.

Hata aliyelipa vizuri hayuko salama daima, kwa sababu bei ni ya mwenye mali. Mwaka 2023 kampuni ya Monotype iliinunua Fontworks ya Japani, ambayo fonti zake zilitumika katika michezo mingi ya huko. Mwishoni mwa mwaka 2025 magazeti ya michezo yaliripoti kwamba mpango wa zamani wa leseni kwa watengenezaji wa michezo, uliokuwa wa kiasi cha dola 380 kwa mwaka, umefungwa, na ule uliotolewa badala yake unafikia dola 20,500. Mjapani hawezi kubadilisha herufi kwa siku moja. Orodha rasmi ya alama za maandishi yao ya kila siku peke yake ina alama 2,136. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi chache tumepona na shida hiyo.

Tena njia ya halali isiyo na gharama ipo. Ya kwanza ni kuitumia fonti iliyomo tayari ndani ya simu: programu huiita tu, haiibebi. Ya pili ni fonti zilizotolewa kwa Leseni Huria ya Fonti ya shirika la SIL, ambayo toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 2007. Hizo huruhusiwa kutiwa ndani ya mchezo, hata mchezo wa kuuzwa. Miongoni mwao imo Amiri, fonti ya khati ya Kiarabu iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri, ambayo mwenye kutaka kuwafundisha watoto kusoma tenzi kwa khati ya wazee wetu angeifurahia. Ila ajihadhari asiichanganye leseni hiyo na zile fonti za mitandaoni zilizoandikwa “bure kwa matumizi binafsi”. Mchezo wenye matangazo ya biashara si matumizi binafsi.

Na leseni huria nayo ina masharti yake. Fonti haiuzwi peke yake. Aliyeibadilisha asiitoe kwa jina lililohifadhiwa na mwenyewe. Na ilani ya hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni yafuatane nayo. Katika mchezo wetu wa bao, mahali pake panapofaa ni ule ukurasa wa mwisho wa maelezo, chini ya majina ya walioutengeneza.