Hiyo 4G Ni Kitu Gani?

Wasomaji wengi wameziona alama hizo, 4G, juu ya kioo cha simu, wasijue maana yake. Ni kizazi cha nne cha mitambo ya simu za mkononi. Watu wa kwanza kuuziwa huduma hiyo walikuwa wa miji ya Stockholm na Oslo, Desemba 2009.

Simu yako haisemi na simu ya mwenzako moja kwa moja. Husema na mnara kwa mawimbi ya redio, nao mnara hupeleka habari mbele. Sasa, katika 4G mzigo haupiti katika njia moja pana. Njia hugawanywa kuwa vijia vyembamba vingi sana: mnara wenye nafasi ya megahezi 20 huwa na vijia 1,200. Picha unayompelekea binti yako aliye Mwanza hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikiandikwa anwani yake kama barua ya posta, kisha huko mwisho huunganishwa tena. Mara 1,000 katika kila sekunde mnara huamua upya nani apewe vijia vipi. Ndiyo sababu jioni, watu wote wakiwa wameshika simu, mambo huenda polepole. Chungu ni kimoja, walaji ni wengi!

Jambo moja huwashangaza watu. 4G ilitengenezwa kwa kupeleka vipande hivyo tu. Haina njia ya maongezi kama ile ya mitambo ya zamani. Basi ukipigiwa, simu isiyoweza kupitisha sauti ndani ya 4G hushuka kwanza kwenye kizazi cha pili au cha tatu, na intaneti husimama au huzorota mpaka umalize kuongea. Simu haijaharibika. Usimpe fundi fedha zako bure.

Tena, mawimbi si ya namna moja. Ya megahezi 800 hufika mbali na kupenya kuta. Ya 2,600 huchoka mapema. Simu isiyopokea mawimbi ya mnara wa kwenu haitapata 4G hapo, hata sanduku lake likiandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Na laini ya zamani huenda ikataka kubadilishwa. Kwa hiyo kabla ya kuuza mbuzi ununue simu, mwulize jirani ambaye yake hupata 4G hapo hapo kijijini ni ya aina gani.