Kura ya mstaafu: Nani anaipiga kwa niaba yake?

KILA mwisho wa mwezi, mwalimu wa sekondari mjini Iringa na fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji cha Mbeya hukatwa sehemu ya mishahara yao kwa ajili ya uzee. Mwalimu huchangia asilimia tano kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), na Serikali ikiwa mwajiri wake huongeza asilimia 15. Fundi yuko katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambako mchango ni asilimia 20 na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya kiasi hicho.

Kwa miaka kadhaa mjadala mkubwa kuhusu fedha hizo umekuwa wa kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilizua malalamiko hadi zikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuyapandisha hadi asilimia 40 kwa baadhi ya watumishi.

Mjadala huo ni wa haki kabisa, lakini unahusu fedha zinapotoka. Swali lisiloulizwa sana ni hili: katika miaka 30 au zaidi ambayo fedha hizo zimo mfukoni, zinafanya kazi gani, na ni nani anayezisemea?

Hisa ni mali, hisa ni sauti

Mifuko ya pensheni haihifadhi michango kwenye kasha. Hununua hatifungani za Serikali, huweka amana benki, hujenga majengo na hununua hisa za kampuni. Hisa ina sura mbili. Ya kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwanahisa. Ya pili ni kura. Mwenye hisa huitwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, hupokea hesabu zilizokaguliwa, huteua wakurugenzi na mkaguzi, na huweza kuhoji.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini ni Kampuni ya Saruji Mbeya, inayotengeneza saruji ya Tembo eneo la Songwe, nje kidogo ya Jiji la Mbeya. Mwaka 2023 kampuni ya Holcim ya Uswisi ilitangaza makubaliano ya kuuza hisa zake, asilimia 65, kwa kundi la Amsons la Tanzania. Asilimia 35 zilizobaki hazikuwa sehemu ya mauzo hayo: 25 zikiwa za Serikali, ambazo msimamizi wake ni Msajili wa Hazina, na 10 zikiwa za NSSF.

Tafsiri yake ni kwamba fundi tuliyemtaja hapo juu, ambaye ni mwanachama wa NSSF, ana chembe ya umiliki katika kiwanda anachokifanyia kazi. Chembe hiyo haimwingizi yeye mwenyewe kwenye mkutano wa wanahisa. Anayeingia ni Mfuko, kwa niaba yake.

Asilimia 10 inaweza kufanya nini?

Wengi hudhani kwamba mwenye hisa chache ni mtazamaji tu. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 haisemi hivyo.

Ni kweli kwamba maamuzi ya kawaida hupita kwa wingi wa kura, na mwenye asilimia 65 anaweza kuyapitisha peke yake. Hata hivyo, maamuzi mazito, kama vile kubadili katiba ya kampuni, huhitaji azimio maalumu, ambalo ni lazima liungwe mkono na robo tatu ya kura zinazopigwa. Asilimia 65 haifiki robo tatu. Kwa hiyo, Serikali na NSSF wakisimama pamoja na asilimia 35 zao, azimio la namna hiyo haliwezi kupita bila ridhaa yao.

Aidha, sheria inawapa wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji wenye haki ya kura uwezo wa kuitaka bodi iitishe mkutano mkuu usio wa kawaida. Asilimia 10 za NSSF zinagusa kiwango hichohicho.

Nguvu ya aina hiyo ipo pia katika sekta ya benki. Katika Benki ya CRDB, yenye matawi Mbeya na Iringa, PSSSF ni miongoni mwa wanahisa wakubwa kabisa, ikiwa na zaidi ya asilimia 10 ya hisa, baada ya kurithi hisa za mifuko iliyounganishwa Agosti 2018. Sauti yake ina uzito katika suala la nani aketi kwenye bodi ya benki hiyo.

Uwekezaji wenye uwajibikaji

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa uliunga mkono kuzinduliwa kwa Kanuni za Uwekezaji wenye Uwajibikaji. Wazo lake ni kwamba mwekezaji wa muda mrefu apime mazingira, jamii na utawala bora pamoja na faida, kwa kuwa mambo hayo hatimaye hugusa faida yenyewe. Kiwanda kinachopuuza usalama wa wafanyakazi au mazingira ya majirani zake hujitengenezea madeni ya kesho, na mfuko wa pensheni ndio utakaokuwa bado na hisa kesho hiyo.

Mfuko wa pensheni wa Serikali ya Norway umekuwa na miongozo ya maadili tangu mwaka 2004, na tangu 2021 hutangaza siku tano kabla ya mkutano jinsi utakavyopiga kura. Kenya ilichapisha mwaka 2017 kanuni za usimamizi kwa wawekezaji wa taasisi, zinazowahimiza wasiwe mabubu kwenye kampuni walizowekeza.

Lakini hata wenye sera nzuri huteleza. Mfuko wa ABP wa Uholanzi, unaohudumia watumishi wa umma na walimu, ulikuwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa katika mashamba ya miti mkoani Niassa, Msumbiji. Wakulima wa huko walilalamika kwamba ardhi yao ilichukuliwa, na mwaka 2012 malalamiko yao yalifika hadi Ulaya. Mwalimu mstaafu wa Uholanzi hakujua kwamba uzee wake unategemea msonobari uliopandwa kwenye ardhi yenye mgogoro.

Somo hilo linaihusu Iringa. Mufindi na Kilolo ni nchi ya miti ya mbao, na mitaji ya nje imekwishaingia. Kampuni ya Green Resources, yenye mashamba ya miti na kiwanda cha mbao Sao Hill, ilikuja chini ya Norfund na Finnfund, mifuko ya umma ya maendeleo ya Norway na Finland, mwaka 2018. Mwanakijiji anayejua ni nani mwenye mtaji anajua pia apeleke wapi hoja yake.

Tahadhari

Uwajibikaji usigeuzwe kisingizio. Jukumu la kwanza la mfuko ni kulipa mafao kwa wakati. Mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, ambao NSSF ilikuwa mbia, ulisimama mwaka 2016 kabla ya kukamilika. Fedha za wanachama zikalala humo. Vilevile, mzigo wa watumishi waliokuwa kazini kabla ya Julai 1999 bila kuchangia uliielemea PSPF kwa miaka mingi, hadi Serikali ilipotoa hatifungani maalumu za zaidi ya Sh trilioni mbili katika mwaka wa fedha 2021/22. Mfuko unaosukumwa kuwekeza kwa sababu za kisiasa hauwajibiki kwa wanachama, hata mradi ukiwa na jina zuri kiasi gani.

Mwanachama afanye nini?

Njia ipo. Bodi za wadhamini za NSSF na PSSSF zina wawakilishi wa wafanyakazi, wanaotokana na vyama vyao. Mwanachama wa CWT mjini Iringa au wa TUICO mjini Mbeya anaweza, kupitia tawi lake, kutaka majibu ya maswali matatu: Mfuko wetu una hisa katika kampuni zipi? Nani hutuwakilisha kwenye mikutano yake mikuu? Mwaka jana alipiga kura gani, na kwa sababu gani?

Maswali hayo hayahitaji sheria mpya wala shahada ya uchumi. Orodha ya kura zilizopigwa ingetosha kurasa chache za taarifa ya mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kura ni sehemu ya mali hiyo.