Asilimia 20 Isiyokuwa 20

Mwezi haupiti bila mtu wa Chanika, au wa kule Korogwe, kuniuliza swali lilelile: "Mhasibu, nikope wapi pa nafuu nimalizane na hawa wa mikopo ya kausha damu?" Anayeuliza huwa mwalimu, mama lishe, kijana wa bodaboda, na siku hizi hata mkulima ambaye mahindi yake hayajabeba. Nimejibu kwa upole vya kutosha. Swali lenyewe ndilo bovu. Anayetaka kuweka fedha zake sawa hujiuliza kwanza anadaiwa kiasi gani, na nani, na lini mwisho. Wengi hawajui. Wanachokijua ni rejesho la wiki, basi.

Ukimbana kidogo, anakuja na utetezi: "Lakini riba yao ni asilimia 20 tu." Hiyo "tu" ndiyo inayonimaliza. Haya, tupige hesabu.

Umekopa 300,000 kwa wiki nne. Rejesho ni 90,000 kila wiki, jumla 360,000. Riba ni 60,000, nawe unaona ni asilimia 20. Ingekuwa hivyo kama zile 300,000 ungekaa nazo mwezi mzima. Hukukaa nazo. Kila wiki unarudisha 75,000 ya mtaji, kwa hiyo wiki ya kwanza unatumia 300,000, ya pili 225,000, ya tatu 150,000, ya nne 75,000. Kwa wastani umetumia 187,500. Gawanya 60,000 kwa kiasi hicho: asilimia 32. Kwa mwezi mmoja! Na hapo sijagusa hela ya fomu wala ile "bima" inayokatwa kabla hujaondoka mlangoni.

Sasa njoo kwenye dawa inayosifiwa kila kijiwe: kuongezewa mkopo. Wiki mbili zimepita, umelipa 180,000, mtoto anadaiwa michango shuleni. Afisa mikopo, mtu mkarimu, anakwambia usihangaike, tunakupa 300,000 nyingine na tunakata lile deni lililobaki. Lililobaki ni 180,000, na ndani yake mna riba ya 30,000 ya wiki mbili ambazo hazijafika. Umeilipa tayari. Anakata na 15,000 ya fomu. Mkononi unapokea 105,000, na kuanzia wiki ijayo unadaiwa 360,000. Dakika moja kabla ya kusaini ulikuwa unadaiwa 180,000. Yaani umejitwisha deni jipya la 180,000 ili upate 105,000, kisha unarudi nyumbani unashukuru kwamba umeaminiwa. Rudia mchezo huo mara kadhaa, nao ndio mwendo wa kawaida, na biashara yako ya maandazi inakuwa inamfanyia kazi mwenye ofisi.

Kukopa kwa mkopeshaji wa pili ili umlipe wa kwanza ni hesabu hiyohiyo, ila ofisi zimekuwa mbili. Simu nazo hazikuokoi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, zile zenye tabia ya kumtumia shemeji yako na mchungaji wako ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Mkopeshaji wa daraja la pili, yule asiyepokea amana, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na kikomo cha riba kilichowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa zile 300,000 ni 10,500. Linganisha mwenyewe. Wajanja hukwepa kikomo kwa kuiita riba "gharama ya ufuatiliaji". Jina libadilike lisibadilike, inatoka mfukoni mwako.

Kwa walimu na watumishi wengine nina neno la pembeni. Utaratibu wa kukubakizia theluthi ya mshahara baada ya makato uliwekwa ili ule. Benki ikikuambia umefika kikomo, haijakunyanyasa. Kwenda mtaani na kumwachia mtu kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ili tarehe ya mshahara yeye ndiye apange foleni kwenye mashine, ni kuila hata ile theluthi.

Basi ufanye nini? Andika madeni yote kwenye karatasi moja, pamoja na ya simu na ya kikoba. Dai mkataba wa maandishi; asiyekuwa nao, angalia kama yumo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Usiongezewe mkopo hata shilingi. Omba rejesho lipunguzwe na muda urefushwe bila fomu mpya, na mkikubaliana, andikianeni. Uza mbuzi au pikipiki ya pili sasa, kwa bei yako, kabla mkopeshaji hajaja kuibeba kwa bei yake. Mkulima, usiahidi gunia la Julai kwa hela ya Machi. Anza na deni lenye riba kubwa kuliko yote. Ukihitaji mtaji baadaye, ulizia SACCOS, au mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Huo ni wa mradi, si wa kulipia madeni. Ukinyanyaswa, lalamika kwa mkopeshaji kwa maandishi, kisha Benki Kuu.

Na ile kadi kaichukue kesho asubuhi. Akigoma, nenda tawini ikafungwe upewe nyingine. Deni utaendelea kulilipa, ila utalilipa kwa mkono wako.