“Mfumo Unasumbua”: Maana Yake Nini, na Uombe Vipi Msaada Upate Kusaidiwa

Ukikaa kwenye foleni ya wakala wa pembejeo Mchombe, Mngeta au Mlimba wakati mvua zimeshaanza, maneno utakayoyasikia mara nyingi ni haya: “Mfumo unasumbua.” Anaambiwa mkulima ambaye jina lake halionekani. Anaambiwa yule ambaye ujumbe wa simu haukumfikia. Anaambiwa pia yule aliyejibiwa kwamba ameshasajiliwa, wakati yeye anajua hajawahi kusajiliwa popote. Wote watatu wanarudi nyumbani na jibu moja, ingawa matatizo yao ni tofauti na kila moja lina dawa yake.

Ndugu msikilizaji, jambo hili si dogo. Mpango wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022 uliwataka wakulima wasajiliwe kwenye mfumo wa kidijitali. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulipangiwa bei ya ruzuku ya takriban shilingi 70,000, wakati bila ruzuku ulipita shilingi 120,000. Kwa hiyo herufi moja iliyokosewa kwenye jina inaweza kumgharimu mkulima wa ekari mbili fedha ya ada ya mtoto. Na mpunga haungoji. Urea ya kukuzia ikichelewa, shina linapita hatua ya kutoa machipukizi, na hasara yake unaiona wakati wa kuvuna.

Katika makala hii tunaeleza mfumo ni kitu gani, unakwama wapi, na namna ya kueleza tatizo lako ili mwenye uwezo wa kulitatua alielewe.

Daftari lililo mbali

Nyuma ya kila mfumo kuna kanzidata, yaani daftari la kielektroniki. Ifikirie kama rejista ya wakazi aliyonayo mtendaji wa kijiji: mistari na safu. Kila mkulima ana mstari wake, na safu zinabeba jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kijiji na ukubwa wa shamba. Utaratibu huu wa kupanga taarifa kwa majedwali yanayohusiana ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, na mpaka leo mifumo mingi duniani inautumia.

Hata bonde letu lina historia yake katika kazi hii. Tangu mwaka 1996, Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, ikiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kumpa kila mtu namba yake ya pekee, kwa sababu majina yanafanana. Ukimtafuta Juma Hamisi kwa jina tu, utawapata wengi.

Sasa, unapobonyeza simu yako, ombi lako linapita hatua nne. Linatoka kwenye simu kwenda kwenye mnara. Kutoka mnarani linasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva. Ndani ya seva kuna programu inayolisoma ombi lako. Mwisho, programu hiyo inaiuliza kanzidata. Ikikatika hatua yoyote kati ya hizo, wewe utaona kitu kimoja tu: haifanyi kazi. Ndiyo maana ni muhimu kujua imekatika wapi.

Dalili na maana zake

Hakuna kinachofunguka kabisa. Jaribu kufungua kitu kingine kwenye simu hiyohiyo. Nacho kikigoma, tatizo ni mnara, bando au simu yenyewe. Mfumo hauhusiki.

Unaona namba 404. Ukurasa unaoutafuta haupo kwenye anwani uliyoandika. Mara nyingi anwani imekosewa, au uliyetumiwa ni ya zamani.

Unaona namba 500, 502, 503 au 504. Namba zinazoanza na 5 zinamaanisha tatizo liko upande wa seva. Simu yako ni nzima. Huenda seva imezidiwa kwa sababu watu wengi wameingia kwa wakati mmoja, au programu imeshindwa kuzungumza na kanzidata. Hapa usibonyeze mara ishirini. Kila unapobonyeza unaongeza mzigo, na kwenye mifumo isiyotengenezwa vizuri unaweza kujikuta umeandikishwa mara mbili. Ngoja, kisha jaribu usiku au alfajiri.

Menyu ya nyota na reli inakatika katikati. Huduma kama *152*00# zina muda maalumu wa kusubiri jibu lako. Ukienda kutafuta kitambulisho kabatini, muda unaisha. Andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kuanza.

“Taarifa hazipatikani.” Hili ndilo linalowaumiza wengi. Binadamu akiona “Mwanahamisi” na “Mwanahamis” anajua ni mtu mmoja. Kanzidata inalinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo kwake hao ni watu wawili. Vivyo hivyo namba ya simu iliyoandikwa kwa kuanza na 0 na ileile iliyoandikwa kwa kuanza na 255 zinaweza kuonekana ni namba mbili.

“Umeshasajiliwa.” Kanzidata huwekewa sharti kwamba namba fulani isijirudie, ili mtu asichukue mara mbili. Ukipata jibu hili, kuna mstari tayari wenye namba yako. Pengine uliandikishwa kijiji ulichokuwa unalima zamani. Pengine karani alikosea tarakimu ya mtu mwingine ikaangukia kwenye yako. Au familia nzima ilitumia simu moja. Kujiandikisha upya hakutasaidia, kwa sababu mfumo utakataa kila mara. Kinachotakiwa ni mstari uliopo utafutwe na usahihishwe.

Makosa mawili tunayopaswa kuyajua

Yapo makosa mawili yanayotokea sana kwetu, na hata baadhi ya wataalamu yanawapita.

La kwanza ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Karani akiiandika kwenye jedwali la Excel kama namba ya kawaida, Excel inatunza tarakimu 15 tu na tano za mwisho inazigeuza kuwa sifuri. Haitoi onyo lolote. Orodha ikishapakiwa kwenye mfumo, watu wengi watakuwa na namba zinazoishia na 00000, na hakuna itakayolingana na kitambulisho. Dawa ni kuitambulisha safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuanza kuandika. Ukiona namba yako kwenye orodha inaishia na sifuri tano, na kitambulisho chako hakisemi hivyo, umeshapata chanzo cha tatizo.

La pili ni majina yenye ng’. Lugha zetu zinayo mengi, na ndugu zetu Wasukuma waliohamia bondeni wanayo mengi zaidi. Kile kialama kidogo cha juu, katika lugha ya SQL ambayo programu huitumia kuzungumza na kanzidata, ndicho kinachoashiria mwanzo na mwisho wa maandishi. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikikutana na jina kama Ng’wandu inadhani maandishi yameishia kwenye herufi g, kisha inachanganyikiwa na kutoa kosa. Zaidi ya hapo, simu nyingine huandika kialama kilichopinda na nyingine kilichonyooka, na kanzidata huviona ni vitu viwili. Kama jina lako lina ng’ na kila mara linakataliwa, taja jambo hilo mapema unapoomba msaada.

Namna ya kuomba msaada

Anayekuhudumia kwa simu hakuoni wala haoni skrini yako. Ukimwambia “haifungui”, atakujibu “jaribu tena baadaye”, kwa sababu hajapata cha kushika. Mpe mambo matano.

Moja, ulikuwa unafanya nini: kujisajili, kuangalia taarifa, au kununua.

Mbili, saa na tarehe. Seva nyingi huandika kumbukumbu ya kila kinachotokea. Ukitaja saa, fundi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye dakika hiyo.

Tatu, maneno yaliyotokea, yalivyo. Usiyafasiri wala kuyafupisha. Kama ni Kiingereza, yanakili herufi kwa herufi au piga picha ya skrini.

Nne, ulitegemea nini kitokee.

Tano, umeshajaribu nini.

Tuone mfano. Badala ya kusema “mfumo umenikataa”, mkulima angesema hivi: “Shikamoo afisa. Jana tarehe 12, kama saa nne asubuhi, wakala aliingiza namba yangu ya mkulima ili ninunue Urea. Ikaandika kwamba taarifa hazipatikani. Mwaka jana namba hiihii ilikubali. Tumerudia mara mbili, na jirani yangu aliyekuwa nyuma yangu alihudumiwa bila shida.” Hapo afisa ameshajua mengi. Mnara ulikuwepo na seva ilikuwa hewani, maana jirani alihudumiwa. Tatizo liko kwenye mstari wa mkulima huyu mmoja.

Anza na aliye karibu: mtendaji wa kijiji na afisa kilimo wa kata, kisha halmashauri. Kama tatizo ni laini ya simu, piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha mwone wakala wa kampuni ya simu. Kama ni kitambulisho chenyewe, ofisi ya NIDA ya wilaya. Ukipeleka malalamiko, andika jina na cheo cha aliyeyapokea pamoja na tarehe. Utakaporudi hutaanza upya.

Na kuna jambo moja ambalo hatutachoka kulirudia hewani: hakuna fundi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri ya pesa, wala tarakimu zinazokuja kwa ujumbe ili kuthibitisha. Mwenye kuziomba anataka kukuibia. Namba ya matapeli itume kwenda 15040.

Kwa vijana mnaotengeneza tovuti

Tunajua wapo vijana hapa bondeni wanaojifunza kutengeneza tovuti za maduka, mashine za kukoboa na vikundi vya kuweka na kukopa. Kanuni ileile inawahusu, pengine zaidi. Unapomwomba mwenzako msaada, mtumie kosa lote kama maandishi, maana picha haiwezi kunakiliwa na kujaribiwa. Punguza tatizo mpaka libaki sehemu ndogo kabisa inayoonyesha kosa. Mara nyingi ukiwa katika kupunguza huko utaliona mwenyewe.

Usitume neno la siri la kanzidata wala orodha halisi ya wateja. Tunga majina ya mfano, na hakikisha mojawapo lina ng’. Kabla ya kufuta au kubadilisha chochote, chukua nakala. Amri ya kufuta katika SQL isipotajiwa sharti la ni mistari ipi, inafuta yote, na daftari la kikundi cha akina mama halirudi kwa kuomba radhi.

Taarifa ni zako

Mwisho, usiende ofisini kama mtu anayeomba hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazotunzwa na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Jina lako kwenye kanzidata ni lako, hata kama seva iko Dodoma na wewe uko Mchombe.

Msimu bado haujafika? Basi huu ndio wakati wa kukagua. Linganisha jina lako, namba ya simu na tarakimu zote 20 na kilichoandikwa kwenye mfumo, kisha msomee makala hii jirani mwenye simu ya kitochi. Marekebisho yanayofanyika kabla ya mvua yanapata mtu wa kuyashughulikia. Foleni ikishaanza, kila mtu ana haraka, na wakala naye hana jibu jingine ila lile tulilolizoea.